Naandika riwaya ya vijana kuhusu vita vya kiroho: nimwoneshe shetani kwa kiasi gani?

Mwalimu wa vijana, Tanga

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Nafundisha vijana wa kanisani kwetu, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiwaandikia riwaya ambayo wataitambua mitaa yake. Msichana wa kidato cha nne anayeishi Ngamiani anagundua kwamba ndoto mbaya za mdogo wake zinatoka kwa pepo waliojificha katika Mapango ya Amboni, na kwamba anayewatuma ni bibi kizee wa nyumba ya jirani. Juma lililopita niliwasomea sura ambayo msichana anaingia pangoni usiku. Binti mmoja wa miaka 13 hakulala vizuri siku tatu, na mama yake alikuja kunieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko ugomvi, kwamba mtoto sasa hataki kwenda kwa bibi yake mzaa mama kwa sababu naye ana macho mekundu kama yule wa kitabuni. Siwezi kuandika kana kwamba shetani hayupo, maana Maandiko hayasemi hivyo. Lakini sikukusudia mtoto amkimbie bibi yake. Nirekebishe wapi?

Mwinjilisti mstaafu, Muheza

Mwalimu, Bwana asifiwe sana. Anza na huyo bibi, pango liache kwanza. Mtume Paulo anawaambia Waefeso, sura ya 6 mstari wa 12, kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, nawe umempa adui damu, nyama na nyumba ya kukaa. Macho ya wazee wetu yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mwanamke aliyepuliza moto wa mafiga tangu utoto, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho gani mengine? Katika nchi hii wapo bibi waliouawa kwa sababu ya macho hayo hayo, kwa hiyo jambo uliloliandika si pambo la hadithi tu. Nakusihi ulifute.

Kisha soma Danieli sura ya 10 kwa jicho la mwandishi. Danieli anaomboleza majuma matatu, hali chakula kitamu, nyama wala divai, na wakati huo wote haoni vita yoyote. Ni baadaye, akiwa kando ya mto Hidekeli, ndipo anapoambiwa kwamba mkuu wa ufalme wa Uajemi alimpinga mjumbe wake siku 21, na kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Sisi wasomaji tumekaa na mzee anayefunga bila kujibiwa. Mweke msichana wako mahali hapo, aombe na asione kitu, na vijana watavijua vita vya kiroho bila kuonyeshwa pembe wala mkia.

Mwalimu wa fasihi, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo. Nakubaliana na Mwinjilisti kuhusu bibi, ila naogopa ushauri wake wa pili ukifuatwa mpaka mwisho utakupa kitabu cha mahubiri. Vijana wa pwani wamelelewa katika hadithi za majini, na ukiwanyima kabisa wataenda kuzitafuta kwingine. Mtazame Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, huko huko kwenu Tanga, mwaka 1909. Katika Adili na Nduguze yumo jini, na wamo ndugu wawili waliogeuzwa manyani, lakini kinachomkaa msomaji moyoni ni Adili mwenyewe, anayelazimika kuwapiga kila usiku ndugu zake wa tumbo moja. Ajabu imewekwa ili tumwone mtu. Naye hakuwa Mkristo, jambo ninalolitaja kwa makusudi, kwa sababu majirani zako Waislamu watakisoma kitabu hiki, na ukiwafanya pepo wako wavae kanzu utakuwa umerudia kosa la yule bibi kwa mlango mwingine.

Kuhusu Amboni, mapango yale yalichongwa na maji katika mawe ya chokaa, na wapo watu wanaopeleka sadaka za mizimu humo. Unaweza kuyaandika yote mawili kwa heshima: popo, ubaridi, vitambaa na visahani vilivyoachwa, na msichana anayetetemeka na bado anasali.

Kijana wa kidato cha nne, Tanga

Shikamoo mwalimu. Nilikuwepo ulipotusomea. Pangoni niliogopa kama wenzangu, lakini ninachokikumbuka mpaka leo ni sura ya nne, pale rafiki yake anapompa karatasi za mtihani zilizovuja, naye anakaa nazo chini ya godoro usiku mzima kabla ya kuzirudisha asubuhi bila kuzifungua. Mimi niliwahi kupewa karatasi kama hizo, nami nilizifungua. Ulipokuwa ukisoma nilihisi kwamba unanisoma mimi. Naomba sura ile usiifupishe.

Mwalimu wa vijana, Tanga

Marahaba, mwanangu. Sitaifupisha, na nakushukuru kwa ujasiri wa kuandika hayo mbele za watu. Wazee wangu, nimefuta macho mekundu jana usiku. Bibi sasa ndiye anayemkaribisha msichana jikoni kwake wakati nyumba nzima imekata tamaa, na wanaomba pamoja moshi ukiwatoa machozi wote wawili. Pango limebaki, ila msichana anaingia mchana kumtafuta mdogo wake aliyepotea. Kinachonisumbua bado ni sura ya mwisho, ambayo mchungaji anamkemea pepo na mtoto anapona papo hapo. Mwinjilisti, kwa kuwa umewaombea wengi kuliko mimi, je, ni haki kumwandikia kijana uponyaji wa dakika moja, ilhali huenda nyumbani kwake wanaomba mwaka wa tatu sasa?

Mwinjilisti mstaafu, Muheza

Nimeona watoto waliopona papo hapo, na nimewazika wengine niliowaombea kwa imani ile ile. Mwache mtoto alale usingizi mzuri usiku mmoja, wa kwanza baada ya miezi, na kitabu kiishie hapo kabla hakujapambazuka.