Bolti za mashine ya kusaga zinakatika kila mara, shida ni bolti au msingi?

Mzee_wa_Unga

Habarini za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu wa kufunga mitambo, hasa hizi mashine zetu za kusaga. Niko Maswa, nina kinu cha nyundo kinachozungushwa na injini ya dizeli ya pistoni moja hp 25, ile ya kulala, vyote viwili vimekaa juu ya fremu moja ya chaneli, mikanda mitatu. Fundi alivyoifunga alitoboa sakafu ya chumba akaweka rawbolti nne (zile zinazotanuka ndani ya tundu) za milimita 16, akakaza, tukawasha, ikasaga vizuri tu. Mwezi haujaisha bolti moja upande wa injini ikakatika. Akabadilisha. Ikakatika tena, na ya jirani yake ikang'oka na kipande cha zege. Ijumaa iliyopita fremu yenyewe ikatembea kama vidole vinne kuelekea mlangoni huku watu wako foleni, na kwenye foleni kuna watoto wametumwa na ndoo za mahindi, nilizima injini mikono inatetemeka na tangu siku hiyo sijawasha tena.

Sasa fundi anasema tuweke bolti za 24 na fremu tuichomelee kabisa kwenye nondo za sakafu. Kabla sijatoa hela nyingine nataka kujua, kweli shida ni unene wa bolti? Sakafu ni zege la kawaida la nyumba, nchi 4 hivi, chini ni udongo wetu huu mweusi wa mbuga. Mikanda nayo inalika upande mmoja, nimeshabadilisha seti mbili.

Dogo_Welda

Pole sana mkuu. Mimi ningekushauri kata mpira wa tairi la lori weka chini ya fremu kila kona af ndo ukaze bolti, mpira unameza mtikisiko bolti zinapumzika. Kuna jamaa nimemfungia hivyo, inapiga kazi.

Fundi_Timazi

Mzee pole, na umefanya vizuri kuzima. Usiiwashe tena mpaka umalize hili jambo.

Dogo_Welda kwa mpira hapana, naomba nikupinge kwa heshima. Bolti ili ishike inatakiwa ivutike kidogo sana, kama unavyovuta mpira wa manati, ule mvuto ndio unaoibana fremu chini. Ukiweka tairi katikati, tairi linaendelea kubonyea siku baada ya siku, na kila likibonyea bolti inapoteza mvuto wake, baada ya wiki mbili nati umeikuta imelegea na hakuna aliyeigusa. Kuna raba za kweli za kukalishia mitambo lakini zile zinachaguliwa kwa uzito wa mashine na kasi yake, sio kukata tairi.

Mzee naomba ufanye kitu kimoja kabla ya yote, chukua ile bolti iliyokatika uitazame pale ilipokatikia. Kama sehemu kubwa ni laini na ina mistari mistari kama alama za maji ya kupwa kwenye mchanga, halafu kipande kidogo kimeparuzika, basi hiyo bolti haikuzidiwa nguvu siku moja, imechoka. Imekunjwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Na injini hizi za kulala nyingi zinazunguka 2200 kwa dakika, pistoni inakwenda mbele na nyuma kila mzunguko, maana yake saa moja ya kusaga bolti zako zinasukumwa na kuvutwa mara laki moja na 32 elfu. Bolti iliyokazwa sawasawa juu ya msingi uliokaa vizuri haiumii na hilo, kwasababu msuguano wa fremu na msingi ndio unabeba kazi. Bolti iliyolegea, au iliyokazwa wakati chini ya fremu kuna uwazi, inabeba yenyewe kila teke. Ukiweka ya 24 utapata miezi kadhaa zaidi na shida itabaki pale pale.

Pima hivi. Karatasi ya A4 ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1. Legeza nati zote, jaribu kuipitisha chini ya kila kona ya fremu. Inapopita kirahisi, hiyo kona inaning'inia. Kisha kaza zote na legeza moja moja huku mwenzako ameweka kidole kwenye ungio la fremu na sakafu, kona itakayoruka juu ukiilegeza ndiyo iliyokuwa imevutwa kwa nguvu kufuata sakafu mbovu. Ukiwa na dayo geji, kile kipimo cha mshale cha kupimia mwendo mdogo sana, ni bora zaidi, ikiruka kupita milimita 0.05 hiyo lazima irekebishwe. Fremu ikivutwa hivyo inapinda, ikipinda puli ya injini na ya kinu hazitazamani tena, na hapo ndipo mikanda yako inapoliwa upande mmoja. Kwahiyo mikanda na bolti kwako ni ugonjwa mmoja.

Posho_Kitale

Nakubaliana na Fundi Timazi mia kwa mia. Mimi niko Kitale, posho mill ni kazi yangu tangu nimalize shule, na hizo rawbolti kwa mashine ya kutetemeka ni hatari tupu. Rawbolti inashika kwa kutanuka kwenye tundu, sasa ukiitikisa kila sekunde inakwaruza zege pole pole mpaka tundu linakuwa kubwa, na sakafu ya nchi 4 ndio basi, inang'oka na kipande chake kama ulivyoona. Ya kwangu ya kwanza ilifungwa hivo hivo. Nikapoteza beringi za kinu mbili ndani ya msimu mmoja wa mahindi, nikidhani ni beringi feki, kumbe ni fremu inapinda. Nilipomwaga msingi wa kweli hizo beringi zilikaa miaka.

Na tafadhali usichomelee fremu kwa nondo za sakafu. Siku fremu inataka kurekebishwa utafanya nini, na weldi iliyo karibu na mtikisiko itapasuka tu.

Mzee_wa_Unga

Wakuu nashukuru sana. Nimetazama bolti, ni kama alivyosema fundi, robo tatu ni laini na ina mistari, nimeshangaa. Karatasi imepita kona mbili, moja ya injini inapita hata ikikunjwa mara mbili! Sasa msingi wa kweli unakuwaje, na utanigharimu zege kiasi gani? Na huu udongo wa mbuga je?

Fundi_Timazi

Karatasi iliyokunjwa mara mbili ni kurasa nne, yaani milimita 0.4. Hiyo ndiyo iliyokata bolti zako.

Msingi wa injini ya pistoni tunaukadiria kwa uzito, angalau mara 3 mpaka 5 ya uzito wa mtambo. Tuseme injini, kinu na fremu ni kilo 600, basi tafuta zege la kilo 2400 hivi. Mita moja ya ujazo ya zege ni kama kilo 2400, kwahiyo bonge la urefu mita 1.8, upana senti 90 na kina senti 65 linakutosha, ni mita ya ujazo 1.05. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hapo ni mifuko 7 ya saruji. Pima fremu yako kwanza, bonge lizidi fremu angalau senti 15 kila upande. Na lisiungane na sakafu ya chumba, acha nafasi ya senti 2 kuzunguka, ijaze lami au thamofomu (lile povu jeupe la kufungashia vitu), la sivyo mtikisiko unahamia kwenye kuta na utaanza kuona nyufa juu ya madirisha.

Bolti nunua za kupinda mguu za milimita 20, zizame senti 45 mpaka 50. Usikubali bolti iliyokatwa kichwa ikachomelewa kwenye nondo, nimeziokota nyingi sana zimekatikia hapo hapo kwenye weldi. Sehemu ya juu ya kila bolti, kama senti 20, ivishe bomba la plastiki la nchi 2 na ujaze matambara au sponji ili zege lisiingie. Hiyo nafasi inaruhusu bolti kuvutika na pia inakupa uhuru wa kuisogeza kidogo kama matundu ya fremu hayajakaa sawa. Zishikilie kwa ubao uliotobolewa kwa vipimo vya fremu yenyewe, sio vya kukariri, na ubao uufunge imara maana zege likimwagwa linasukuma.

Zege liache chini ya usawa unaotaka kwa senti 3 hivi. Likishakauka chukua tindo, kwangua uso wote mpaka kokoto zionekane, ule uso laini wa juu ni udhaifu mtupu. Hapo ndipo unaleta fremu. Chomelea nati kwenye kona za fremu, pitisha bolti zinazosukuma chini juu ya vibati vya chuma, hizo ndizo za kunyanyulia. Zungusha moja moja ukitazama pimamaji kwa urefu na kwa upana mpaka fremu itulie bila kulazimishwa. Nati za msingi wakati huu zinashikishwa tu.

Halafu puli. Vuta uzi ubane usoni mwa puli zote mbili, uguse sehemu nne, ukingo wa nje na wa ndani wa kila puli. Ukigusa tatu na wa nne ukaachwa, rekebisha. Mikanda hii inavumilia kama nusu digrii tu, yaani milimita 9 kwenye urefu wa mita moja, na mimi siridhiki na hizo 9.

Ukiridhika lowanisha zege siku nzima, kausha maji yaliyotuama, ndo umwage grauti isiyosinyaa, yaani uji maalumu wa saruji wa kujaza uwazi chini ya fremu. Mwaga kutoka upande MMOJA tu mpaka uione inatokea upande wa pili, ukimwaga pande zote unafungia hewa katikati. Chokaa ya saruji na mchanga wa kawaida hapana, inasinyaa na kuacha uwazi ule ule unaoukimbia, ukigonga fremu kwa nyundo inalia kama debe tupu. Grauti ikishakomaa, LEGEZA zile bolti za kunyanyulia. Hili watu wengi wanalisahau na inaniuma kila nikiliona, maana mashine inabaki imesimama juu ya ncha nne na grauti yote iliyomwagwa kwa hela haifanyi kazi. Zikishalegea ndo ukaze za msingi kwa mwisho, kwa kupishana kona kwa kona. Bolti ya chuma laini ya milimita 20 inataka kama Nm 160, yaani spana ya nusu mita ukivuta kwa nguvu ya kilo 32 hivi. Usivishe bomba kurefusha spana.

Mwana_Shinyanga

Kwa udongo wa mbuga naongezea mimi maana tunaishi nao. Ukinywa maji unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama, na msingi wa mzee ukikaa juu yake utainama hata uwe wa tani tano. Chimba mpaka upite huo weusi ufike kwenye ardhi ngumu. Kama ni mrefu mno, ondoa angalau mita moja chini ya msingi, rudishia moramu kwa tabaka za senti 15, kila tabaka limwagie maji kidogo na ulishindilie. Halafu kitu ambacho wengi hawakioni ni haya maji ya kupoozea injini, yale yanayochemka na kumwagika pembeni kila siku, yanashuka kwenye udongo upande mmoja tu. Jenga mfereji uyatoe nje, na dizeli inayovuja ikinge kwa sinia, dizeli ikilowa kwenye grauti inaibandua.

Mzee_wa_Unga

Nimeelewa vizuri sana. Swali la mwisho, nikishamwaga zege nisubiri siku ngapi? Huu ndio msimu watu wana mahindi na kila siku nikifunga wanakwenda kijiji cha pili.

Fundi_Timazi

Najua inauma. Siku ya 7 zege lina kama theluthi mbili ya nguvu yake, hapo unaweza kupandisha mashine, kupanga puli na kumwaga grauti, kwahiyo hukai bure. Lakini kuwasha subiri siku 28. Mwagia maji kila siku wiki ya kwanza na ufunike na magunia.

Mzee_wa_Unga

Wakuu narudi na mrejesho. Weusi ulikwisha kwenye mita 1.1, tukajaza moramu, msingi mita 2 kwa 1 maana fremu ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Fundi wangu mwanzoni alikataa, nikamwonyesha ile bolti iliyochoka na karatasi, akakubali na kazi kaifanya yeye mwenyewe kwa moyo. Nimewasha siku ya 29. Karatasi haipiti kona hata moja. Nimeweka glasi ya maji juu ya kinu kinasaga, uso wa maji unatikisika ila hayamwagiki. Na nimeweka wavu wa chuma kuzunguka mikanda na kamba ya foleni mita 3 kutoka kwenye mashine.

Ila baada ya wiki moja nati moja ya upande wa injini imezunguka robo nilivyoikaza, nyingine zote hazikusogea. Niogope?

Fundi_Timazi

Hongera sana mzee, hasa kwa huo wavu. Robo ya mzunguko mara ya kwanza ni kawaida, rangi na kutu chini ya washa, kile kipete cha chini ya nati, vinabonyea kidogo. Ongeza nati ya pili juu yake, piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye fremu ili ukiingia asubuhi uone kwa macho kama imehama. Kaza mikanda pia, mipya inavutika siku mbili za mwanzo. Angalia tena wiki ijayo, na hiyo nati ikizunguka mara ya pili zima, pitisha karatasi kwenye hiyo kona na uniandikie hapa.