Naomba ushauri: je, niendelee kununua unga kwa mwenye depo anayenikopesha?

Ndugu zangu, ninauza unga wa mahindi katika soko la Kenya, yaani mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichukua mifuko ya kilo 25 katika depo moja inayouingiza kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kunikopesha hadi mwisho wa juma. Tangu uchaguzi wa Desemba 2023, mwenye depo amebandika bango la chama chake juu ya mizani, na mbele ya wachukuzi huwasema vibaya watu wenye asili ya Kasai, eneo jingine la nchi yetu, ambao ni wateja wangu wengi. Chama chake hakinihusu. Maneno hayo ndiyo yanayonikera. Nikihamia kwingine nitadaiwa taslimu, nami sina. Je, nimweleze waziwazi, au niondoke kimyakimya?