Michezo katika somo la Kiingereza: kufundisha au kupoteza saa?

Mama wa Katuba, Lubumbashi (Kongo): Binti yangu yuko humanite, madarasa ya juu ya sekondari. Wiki nzima daftari lake la Kiingereza halijaguswa. Nikimuuliza, "Tulicheza." Mwalimu anachora vistari ubaoni, watoto wanabahatisha herufi, kila wakikosa anaongeza kiungo kwa mtu aliyenyongwa. Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, itauliza hayo? Mwalimu wa kuchezesha ni yule ambaye hakutayarisha somo. Mnaonaje?

Mwalimu, Kamalondo: Mama, neno hilo la mwisho limenichoma. Mchezo wa dakika ishirini unanikesha. Nakata kadi kwenye maboksi ya sabuni: hii go, ile went. Mwenye go amtafute mwenye went darasa zima, wakikutana watunge sentensi kwa sauti. Benchi la watatu linakaliwa na watano. Nikisema mimi peke yangu, mtoto atafungua mdomo saa ngapi? Kuimlisha ndiko kusikotaka matayarisho, daftari la mwaka jana linatosha.

Dereva wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia: Daftari langu lilijaa mpaka jalada. Siku ya kwanza kuvuka Zambia, afisa wa forodha akaniuliza nimebeba nini. Shaba imejaa lori, neno lake naweza kuliandika, lakini mdomoni halitoki!

Mzazi, Ruashi: Dereva, Kibemba kingekuvusha. Mimi namuuliza mwalimu: huko kukesha, prime, ile nyongeza ya mshahara wenu, si tunalipa sisi?

Mwalimu, Kamalondo: Tuelewane. Elimu ya bure tangu 2019 ni ya shule ya msingi. Huku sekondari tunawangoja ninyi, na wengine hawalipi mpaka prefe, mkuu wa shule, awarudishe watoto nyumbani.

Mama wa Katuba: Mimi sidaiwi na mtu! Franga ya shule naitoa kwenye unga ninaouza soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, na nimeshalipa. Ndiyo maana nataka kuona kitu ndani ya daftari.

Yaya (ndugu mkubwa), Kampemba: Jamani, Exetat ya Kiingereza ni ya kuchagua jibu, haimsikilizi mtoto akisema. Mama ana haki ya kuogopa. Mwalimu, mchezo ukiisha waandike zile sentensi, mzazi azione.

Mwalimu, Kamalondo: Hilo nitalifanya kesho. Lakini "hakutayarisha" mama hajaiondoa.

Mama wa Katuba: Siondoi. Kadi zako nimezielewa, mwalimu. Wa binti yangu anachora yule mtu kila siku, na kadi hata moja sijaiona.