Vibanda vya PS karibu na chuo: gemu za risasi ziondolewe au zibaki?

Mfungua mjadala, Kibokoni

Hoja iliyotolewa barazani kwetu wiki iliyopita, baada ya Isha, ni hii: kila kibanda cha PS (PlayStation) kilicho karibu na chuo, yaani madrasa, kiondoe gemu za risasi, kibakie na mpira na mbio za magari. Wazee hawajaenda kwa chifu wala kwa kaunti. Wamesema vijana tutoe maoni kwanza, halafu wenye vibanda waitwe. Mimi nashika padi ya kuchezea tangu enzi za PlayStation 2, gemu za risasi ndizo nizipendazo, na nina wapwa wanaosoma chuo hicho hicho. Basi nasema yangu, nanyi semeni yenu.

Wasiwasi wa wazee ni kwamba mtoto akizoea kuua kwenye skrini, moyo utamsusuwaa. Tusiwacheke. Wamarekani wenyewe wamelumbana juu ya jambo hili tangu gemu ya risasi ya Doom ilipotoka mwaka 1993, na maneno yakapamba moto baada ya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999, kwa kuwa wavulana wawili waliofanya unyama ule walikuwa wapenzi wa gemu hiyo. Baadaye California ikatunga sheria ya kuzuia watoto wasiuziwe gemu za ukatili. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitupa, majaji 7 kwa 2. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema mwaka 2015 kwamba gemu hizi zinahusiana na ukali wa tabia. Mwaka 2020 kikafafanua: kufoka na kusukumana, pengine, lakini kuzibebesha lawama za mauaji, ushahidi hautoshi. Watafiti wa Oxford nao mwaka 2019 waliwachunguza vijana wa Uingereza wapatao elfu moja, wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao. Hawakuona kwamba wanaocheza sana gemu za ukatili ndio wakali zaidi.

Na huku kwetu waliotutia hofu ni vijana wa panga. Waulize watu wa Kisauni chanzo ni nini, watakutajia kukosa kazi, dawa za kulevya, na watu wazima wanaowatumia watoto wa wenzao. Sijamsikia hata mmoja akitaja PS.

Lalamiko langu mimi ni jengine kabisa. Juzi nilikaa kwenye benchi la kibanda kimoja, saa za baada ya Alasiri, nikimtazama kijana wa miaka kumi na moja hivi aliyetoka chuoni moja kwa moja. Kofia ameikunja ametia mfukoni mwa kanzu. Mkoba wenye juzuu ameutundika juu msumarini, maana hauwekwi chini. Kwenye skrini yeye ni askari wa Marekani: anavunja mlango wa mbao, anaingia ua wenye kuta nyeupe, na wanaume wa vilemba na kanzu wanamjia wakipiga kelele kwa Kiarabu. Anawaangusha mmoja mmoja. Ukutani kuna maandishi ya Kiarabu, herufi zimeachanishwa na zimepangwa kinyumenyume, kila moja peke yake. Mtoto akayaona, akacheka: "Hawa hata alifu kwa ujiti hawajui." Kisha akaendelea kupiga.

Hapo ndipo penye shida yangu. Sina neno na risasi. Nina neno na nani aliyewekwa mbele ya bunduki, gemu baada ya gemu, miaka nenda miaka rudi. Na wanaotengeneza hawajali hata kidogo mpaka wapigiwe kelele. Mwaka 2012 ramani moja, yaani uwanja wa kupigania, ya gemu ya Call of Duty: Modern Warfare 2 iliondolewa mtandaoni kwa sababu fremu iliyotundikwa bafuni ilikuwa na maneno ya hadithi ya Mtume. Mngedhani wamejifunza. Novemba 2021 Call of Duty: Vanguard ikatoka na kurasa za Qur'ani zimetapakaa sakafuni, nyingine na madoa ya damu, Waislamu wakalalamika dunia nzima, kampuni ikaomba radhi na kuziondoa. Kuwait nayo mwaka 2024 ikaikataa Call of Duty nyingine, Black Ops 6, iliyozungukia vita vya Ghuba, vita ambavyo wao vimewapitia nyumbani.

Kijana wa Mombasa aliyevaa kanzu na kufuga ndevu anajua anavyotazamwa kwenye ukaguzi wa feri. Sasa jioni anatoa shilingi zake ishirini ili ajitazame yeye mwenyewe kwa macho ya yule anayemkagua. Mimi hilo linanikera kuliko damu yote ya zombi.

Kwa hivyo rai yangu: gemu za risasi zibaki, ila zile misheni ambazo adui ni mtu wa kilemba zisichezwe na watoto. Ramani za wengi kwa wengi, ambako wachezaji hupigana wenyewe kwa wenyewe, zombi, mambo ya anga za juu, hizo sina ubishi nazo. Karibuni.

Mwenye kibanda, Kisauni

Kakangu wa Kibokoni, salaam. Umesema vizuri, lakini umeongea kama mtu asiyenunua tokeni za stima.

Wacha niwaeleze hii biashara inavyokwenda. Kinachonilipia kodi ni mpira, ule ulioitwa FIFA mpaka kampuni ya EA walipoachana na jina hilo mwaka 2023 ukawa FC. Mechi ni dakika chache, wanacheza wawili, aliyefungwa anatoka au analipa tena, na nyuma yao wamejipanga wanne wanaomwambia alivyokosea. Gemu ya risasi mtu mmoja anajikalia na misheni yake saa nzima, wenzake wanachoka kutazama, wanaondoka. Wakicheza wawili skrini inagawanywa, kila mmoja anamchungulia mwenzake alipojificha, ndipo "umeniibia" zinapoanza na padi zinaporushwa. Padi ikivunjika hasara ni yangu. Kusema kweli, wazee wakiniambia niziondoe, mfuko wangu hautalia sana. Wanaozitaka ni watu wazima, hasa vijana wa tuktuk wanaopita usiku kupumzika.

Lakini rai yako ya kuchagua misheni haitekelezeki. Diski ni moja. Misheni, zombi na ramani za wengi zote zimo humo humo. Nisimame nyuma ya kila mtoto nitazame adui amevaa nini? Halafu mteja wa pili anangoja chenji.

Na mkumbuke kitu kimoja: kwangu mtoto analipa, na mimi namuona. Akitoka hapa anachukua simu ya mamake, anapakua Free Fire, gemu ya risasi ya simu, bure, inakubali hata kwenye simu ya bei ya chini, anajifungia chumbani. Huko nani atamwambia amalize?

Kijana wa Likoni

Nyinyi mnakuza mambo. Gemu ni gemu. Kwenye gemu za Vita vya Pili vya Dunia tunaua Wajerumani kila siku na sijasikia Mjerumani akilia. Resident Evil 5 ya 2009 ilituweka sisi Waafrika ndio zombi, na mtaani kwetu watu waliicheza wakicheka.

Mimi kinachoniudhi na konsoli, hizi mashine kama PS, ni kingine. Kucheza gemu nyingi mtandaoni lazima ulipie PlayStation Plus, na malipo yenyewe ni ya kadi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zinaingilia hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini seva, kompyuta zinazoendesha mchezo, ziko mbali: unampiga mtu, yeye ashaingia ndani ya nyumba kitambo. Ndiyo maana wengi tumehamia simu. Mimi hucheza PUBG, gemu ya risasi ya simu, kwenye seva ya Mashariki ya Kati, timu yangu ina Wasaudia wawili na Mmisri. Na Waarabu wa timu nyingine, hao mnaowaonea huruma, ndio wanaonipiga mimi kila usiku.

Mfungua mjadala, Kibokoni

Wa Likoni, umenichekesha, na hilo la mwisho nalikubali: PUBG haina upande, wote tunatupwa kisiwa kimoja na kila asiye wa timu yako ni adui yako. Ndiyo sababu nimesema ramani za wengi sina ubishi nazo. Ila kwa Wajerumani umeteleza. Nchi yao ilikuwa kali kuliko wazee wetu. Gemu ya kupigana na Wanazi, Wolfenstein II ya 2017, ilipouzwa kule iliondolewa alama zote za Kinazi, na Hitler mwenyewe wakamnyoa masharubu. Masharubu! Utekelezaji wa sheria ya kukataza alama hizo kwenye gemu ulikuja kulegezwa Agosti 2018. Kwa hivyo nao walisema, tena wakasikilizwa, kwa sababu wao ni soko kubwa. Sisi nani atatusikiliza?

Na kucheka kwa watu wa mtaani kwenu hakunituliza. Yule mtoto wa chuo naye alicheka.

Mama wa watoto watatu, Tudor

Wanangu, nimewasoma wote. Mwazungumza Marekani, Kuwait, Ujerumani. Mimi nazungumza mwanangu wa darasa la saba.

Mimi hayo ya nani anapigwa sijawahi kuyaangalia, na kwa hilo namshukuru huyu wa Kibokoni, nitaangalia. Lakini kinachoniumiza ni saa. Mtoto anatoka shule, anapita kibandani, anaingia chuoni amechelewa na macho mekundu, Magharibi imemkuta kibandani tena. Pesa ya mahamri inakuwa pesa ya padi. Gemu ya mpira au ya risasi, kwangu ni mamoja, na ndiyo maana hoja ya wazee naiona imekosea mlango. Wakiondoa bunduki wakaacha mpira, mwanangu hatarudi nyumbani hata dakika moja mapema. Shirika la Afya Duniani limeshaingiza ulevi wa gemu katika orodha yake ya maradhi, ilianza kutumika Januari 2022, na halikutenga gemu za bunduki na za mpira. Wachina mwaka 2021 waliamua chini ya miaka 18 wacheze mtandaoni saa moja tu, ya saa mbili mpaka saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisemi tuwe Wachina. Nasema wao waliangalia saa, hawakuangalia bunduki.

Wewe mwenye kibanda, mwanangu, umesema kwako mtoto unamuona. Unamuona, na yuwavaa sare ya shule, na wapokea pesa. Hapo wanijibu nini?

Mwenye kibanda, Kisauni

Mama, shikamoo. Hapo umenibana.

Nikimfukuza wa sare, kibanda cha pili hatua ishirini kutoka kwangu kinampokea. Ndiyo hali. Mtu mmoja akifunga peke yake anajifungia riziki tu, mtoto hapotezi kitu. Ikiwa wazee wanataka kutuita, watuite wote siku moja, na neno liwe moja: sare ya shule au juzuu mkononi, hakuna padi mpaka baada ya Isha, gemu iwe ya aina gani. Hilo nitalishika, kwa sababu kila mmoja atamchunga mwenzake.

La risasi nalo lina njia. PS4 na PS5 zina sehemu ya kufunga gemu kwa umri, zinafunguka kwa nambari ya siri. Kasha la diski limeandikwa 18, nyingi zinazofika hapa zina PEGI, alama ya umri ya Ulaya. Nambari ninayo mimi, mtoto hana. Wengi wetu hatuitumii kwa sababu mteja akikuta imefungwa anaona usumbufu, anakwenda kwengine. Tukiwa wote tumefunga hana pa kwenda.

Mfungua mjadala, Kibokoni

Hili ni bora kuliko rai yangu, na kuliko ya wazee. Likipita, yule wa kanzu hatacheza ile misheni, na sitahitaji kumtazama adui amevaa kilemba au hakuvaa.

Lakini mama wa Tudor, nakuomba usiuache ule upande wangu uanguke. Nambari ya siri inamzuia mpaka atimize 18. Akishatimiza, atakaa pale pale kwenye benchi na atapewa diski ile ile, na adui atakuwa yule yule. Nani atakuwa amemwambia kitu kabla ya hapo? Mwalimu wa chuo hachezi gemu na hajui kilichomo. Sisi tunaocheza tunajua na tunanyamaza, kwa sababu bunduki inalia vizuri.

Kijana wa Likoni

Bunduki inalia vizuri, hilo hakuna wa kukataa.

Haya, kikao cha wenye vibanda kikiitwa nitakuja. Nina swali moja tu kwa wazee: na wale wa simu? Au kwa kuwa simu ya mzazi haina kibanda, haina wa kuitwa?

Mama wa watoto watatu, Tudor

Wa kuitwa yupo. Simu yangu nimeshaibadilisha nywila leo, na Free Fire imetoka. Kelele niliyopigiwa hapa ndani, hata hizo gemu zenu hazina. Wewe wa Kisauni, waambie wazee kikao kiwe Jumamosi asubuhi, na sisi kina mama tutakuja.