Boma limefika linta: jamvi, bati, maji ya moto au jipsamu, kipi kitangulie?

Mjenzi_Kigamboni: Wakuu, boma la vyumba vitatu limefika linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), karibu kabisa na bahari. Jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, bado. Pesa ya ziada haitoshi vyote: bati geji 28 badala ya 30, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu, hita za maji za papo hapo bafu zote mbili, tanki la lita 2,000 juu ya mnara. Nianze na kipi?

NondoKumi: Jamvi kwanza, na hukuliweka kwenye orodha! Shindilia kifusi tabaka kwa tabaka, sentimita 15 kila moja, ukimwagia maji. Tandaza mchanga ili mawe yasitoboe nailoni, piga dawa ya mchwa, kisha laza nailoni ya geji 1000, maungio yalaliane sentimita 30. Ukiliruka hilo unyevu utapanda, rangi itabanduka, na dawa yake ni kuvunja sakafu.

Waya_Mbili_Nukta_Tano: Naunga mkono. Kinachofuata ni vinavyozikwa ukutani, kabla ya plasta, hata kama hita utanunua mwakani. Hita ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22. Ipe waya wake wa milimita 4 za mraba, breka yake na ethi (waya wa ardhini). Ukiiunga kwenye waya wa 2.5 ambao tayari umebeba soketi, ganda linaungua ndani ya bomba na huoni. Maji ya moto yapite kwenye mabomba ya PPR, plastiki inayovumilia joto. PVC ya kawaida inalegea.

BintiRamani: Tanki lina hesabu yake. Kila mita 10 za kimo ni baa 1 ya msukumo wa maji. Kitako cha tanki kikiwa mita 3 na shawa mita 2, unabaki na baa 0.1, na hita nyingi zitagoma kuwaka. Pandisha mnara au weka pampu ndogo ya msukumo. Lita 2,000 ni tani mbili, kwa hiyo nguzo ziwe za zege lenye nondo.

Mjenzi_Kigamboni: Na bati?

NondoKumi: Geji 28 ni nene kuliko 30, ila kwa upepo wa chumvi angalia mipako kwanza: chukua ya aluminiamu na zinki. Misumari ya kawaida hapana, tumia skrubu zenye mpira. Paa likivuja, jipsamu ndiyo inayoharibika.

BintiRamani: Kwa hiyo jipsamu na madirisha ya aluminiamu yasubiri. Weka grili sasa, na vipimo vya madirisha uchukue baada ya plasta, kila tundu peke yake.