Kubadilisha pikapu za gitaa la Strat kwa ajili ya solo ya rumba: ninunue zipi, na nianzie wapi?

nyuzi_sita

Wakuu, salaam kwenu. Gitaa ni Squier Affinity Stratocaster (Strat), pikapu (vile vinasa mtetemo wa nyuzi) tatu za koili moja, swichi ya nafasi tano, vyote vya kiwandani. Kazi yake ni solo ya rumba na dansi, mlio safi, hakuna distoshen. Kebo ni ya mita 10 hadi kwenye ampu ya transista.

Pikapu ya shingo inalia kama imefunikwa blanketi. Ya darajani inakera masikio, na hata nikizungusha vitufe vyote viwili vya toni haibadiliki kitu. Muungurumo nao upo kila nafasi ya swichi.

Nimepima kwa multimita, zote tatu ziko kati ya kilo-omu 5.8 na 6.2. Kuna mtu kanishauri nitafute za 10 na kuendelea, eti namba ikipanda mlio nao unapanda. Ni kweli? Na kama ni kubadilisha, hatua zikoje? Kulehemu najua, ila ndani ya gitaa sijawahi kuingia.

Fundi Waya

Aliyekushauri kachanganya nguvu ya sauti na ubora wake. Namba ya omu inakuambia urefu na wembamba wa waya uliozungushwa, basi. Kinachoamua gitaa ling'ae au lifukie ni kilele cha mwitiko wa koili, yaani masafa ambayo pikapu inapiga kwa nguvu zaidi kabla ya kuanza kuporomoka. Kilele hicho kinatokana na uindukishi wa koili (henri) ukikutana na uwezo wa kebo wa kuhifadhi chaji (pikofaradi).

Hesabu yake ni hii. Kebo ya kawaida ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Pikapu ya Strat ya mtindo wa zamani ina kama henri 2.4. Kwa kebo ya mita 5, ukijumlisha na uwezo wa koili yenyewe, kilele kinakaa kwenye kilohezi 4.2 hivi. Pikapu hiyohiyo ukiipeleka kwenye kebo yako ya mita 10, kilele kinashuka hadi 3.1. Hapo ndipo ilipo hambaka (pikapu ya koili mbili) ya mtindo wa PAF, ule wa zamani wa Gibson, yenye henri 4.4 kwenye kebo fupi! Kwa hiyo umenunua Strat, kebo ikakugeuzia kuwa kitu kingine. Ukifuata ushauri wa kilo-omu 10 na zaidi, henri zitapanda mno na kilele kitashuka tena. Kwa muziki wa metali ni sawa. Kwa sebene, nyuzi tatu nyembamba zitakosa ule mkato wake.

Kwa hiyo kabla hujatoa senti ya pikapu, azima kebo ya mita 3 au 5 usikilize. Blanketi la pikapu ya shingo linaweza kupungua papo hapo.

Kuhusu pikapu ya darajani: hujakosea kuzungusha. Kwa waya za jadi za Strat, toni ya kwanza ni ya shingo, ya pili ni ya kati, na daraja halina toni kabisa. Dawa yake ni kipande cha waya cha sentimita mbili: upande wa swichi unaokwenda kwenye toni, unganisha mguu wa kati na mguu wa daraja. Toni ya pili itazishika zote mbili. Ukiiweka kwenye 7 au 8, ukali unakatika na mlio haufi. Kama swichi yako ni ile ya boksi la plastiki yenye miguu minane kwa mstari, usikisie mpangilio, kwa sababu watengenezaji hawafanani. Weka multimita kwenye mlio wa "biip" uitafute miguu mmoja mmoja.

Bado nasema pikapu zako zinastahili kubadilishwa. Affinity nyingi zina vichwa vya chuma na bapa la sumaku ya kauri limegundishwa chini. Chuma ndani ya koili kinapandisha henri hata kama omu ni zilezile, ndiyo maana 6.0 yako haifanani na 6.0 ya pikapu yenye fito za alniko (sumaku ya mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Tafuta seti ya alniko 5, kilo-omu 5.8 hadi 6.5, na pikapu ya kati iwe imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Hiyo ndiyo itakayoua muungurumo kwenye nafasi ya 2 na ya 4, pale pikapu ya kati inapolia pamoja na jirani yake.

besi_nne

Mimi ningemwambia aweke hambaka nyembamba ya reli darajani amalize kelele zote. Mashimo hayachongwi upya, inaingia palepale.

Fundi Waya

Inaingia, sawa. Lakini nyingi za aina hiyo zimezungushwa nyaya nyingi sana, na mlio unakuwa wa katikati tupu. Anapiga rumba safi, atazikosa sauti za juu. Akitaka ukimya wa nafasi zote tano, atafute zile za koili mbili zilizopandana, moja juu ya nyingine, zenye umbo la koili moja. Hizo angalau zimetengenezwa kwa nia ya kubaki Strat.

Toni Kavu

Naongezea upande wa ununuzi, maana watu wengi hurudisha pikapu kwa makosa ya rula. Pima kutoka katikati ya kichwa cha uzi wa 1 hadi katikati ya kichwa cha uzi wa 6. Utakuta 52 mm, 50 mm, au 48 kwa baadhi ya za shingo. Kava la plastiki la 52 haliingii pikapu ya 50. Angalia pia kina cha shimo: bodi za Affinity za zamani ni nyembamba kuliko Strat ya kawaida, na pikapu ndefu inaweza kugota chini usiweze kuishusha.

Poti (vile vidhibiti vilivyo chini ya vitufe vya volyumu na toni): koili moja inapendana na kilo-omu 250, hambaka na 500. Volyumu na toni zikiwa zimefunguliwa kabisa, poti mbili za 250 zinaielemea pikapu kama mzigo wa 125, na huo mzigo ndio unaolainisha kilele. Ukiweka 500 kwenye koili moja, ukali unaongezeka. Kwa mlalamikaji wa ukali wa darajani, hilo ni kosa. Soma maandishi ya poti: A250K inapanda kwa mkunjo, ndiyo unayoitaka kwa volyumu, B250K inapanda kwa mstari ulionyooka na sauti inaruka ghafla karibu na sifuri.

Usinunue poti kubwa za Kimarekani bila kupima shimo. Shingo ya poti hizo inataka tundu la karibu 9.5 mm, wakati poti ndogo za Asia zinakaa kwenye tundu la 7 au 8. Utatoboa bamba la plastiki, na vitufe vyako vitagoma pia, kwa sababu meno ya mhimili ni 24 badala ya 18.

Kapasita ya toni usiihangaikie. Iliyoandikwa 473 ni mikrofaradi 0.047, ya 223 ni 0.022. Tofauti unaisikia ukishapunguza toni, si ikiwa kwenye 10.

Fundi Waya

Hatua sasa, kwa seti ya kawaida ya nyaya mbili kwa kila pikapu.

Toa nyuzi zote, au zilegeze kabisa uziweke pembeni. Fungua skrubu za bamba la plastiki. Ni 11 kwenye Strat za kisasa. Ligeuze taratibu, kwa maana waya wa jeki (tundu la kuchomekea kebo) na waya wa ardhi unaotoka kwenye springi za tremolo vinabaki vimeshika bodi. Piga picha tatu kabla ya kugusa kitu: swichi kwa karibu, poti kwa karibu, na picha nzima.

Lehemu iwe ya bati na risasi, 60/40, unene wa 0.8 mm, yenye flaksi ndani. Chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, ncha pana. Watu huchukua cha wati 25 wakidhani ni salama, kumbe mgongo wa poti ni bapa kubwa linalonyonya joto: unashikilia sekunde 20, lehemu inaganda juujuu kama uji, na poti imeshaungua ndani. Parua mgongo kidogo kwa msasa, uupake lehemu kwanza, kisha uweke waya. Sekunde tatu hadi tano zinatosha. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala; cha kibubujiko chenye rangi ya majivu kirudie.

Waya wa moto wa kila pikapu unakwenda kwenye mguu wake wa swichi, wa ardhi unakwenda mgongoni mwa poti ya volyumu. Fungua kiungo kimoja, funga kipya, ndipo uende kingine. Ukikata vyote kwa mpigo, picha zako hazitakusaidia sana.

Kuwa mwangalifu na pikapu yenyewe. Waya wa koili ni mwembamba, 0.063 mm hivi, mwembamba kama unywele. Kwenye pikapu za fito za alniko, waya huo umezungushwa juu ya sumaku moja kwa moja. Ukisukuma sumaku kwa kidole ili kuipandisha, umeukata ndani, na hakuna wa kuufufua isipokuwa anayezungusha koili upya. Bisibisi ikiteleza pembeni ya koili, hadithi ni hiyohiyo.

Kabla ya kufunga bamba, chomeka kebo, volyumu kwenye 10, upime omu kwenye plagi ya upande wa pili. Nafasi ya 1, 3 na 5 zikupe karibu 6. Nafasi ya 2 na ya 4 zikupe karibu 3, kwa sababu pikapu mbili ziko sambamba. Ukisoma 250 maana yake pikapu imekatika, unapima poti tupu. Ukisoma sifuri kuna waya unagusa mahali, mara nyingi kwenye jeki.

Ukibandika karatasi ya shaba ndani ya mashimo, iunganishe na ardhi na uhakikishe ncha ya jeki haiigusi. Ila ujue inachozuia: shaba inakata ile kelele ya "zzzz" inayopungua ukishika nyuzi. Ule muungurumo mzito wa hezi 50 unaobadilika ukigeuka na gitaa unatoka kwenye transfoma na kuingia kama sumaku, shaba haiuzuii. Na kama ukishika nyuzi hakuna kinachobadilika, kagua waya wa springi kwanza. Tafadhali, mtu asikuambie ukate pini ya ardhi ya plagi ya ampu ili kelele iishe. Mdomo kwenye maiki na vidole kwenye nyuzi ni njia fupi mno ya umeme.

nyuzi_sita

Nimefunga seti ya alniko 5. Mlio wa 1, 3 na 5 ni mwingine kabisa, na nikitumia kebo ya mita 5 shingo inang'aa. Vipimo: 6.1, 3.0, 6.0, 2.9, 5.8.

Yamebaki mawili. Nafasi ya 2 na ya 4 sauti ni nyembamba, besi imetoweka, kama redio ndogo ya betri, na muungurumo umezidi badala ya kupungua. Pili, uzi wa 6 nikibana kuanzia freti ya 12 kwenda juu unatoa kama sauti mbili zinazogombana. Rangi za nyaya za pikapu ya kati ni njano na nyeusi, za nyingine nyeupe na nyeusi. Nyeusi zote nimepeleka ardhini.

Toni Kavu

Rangi hazina sheria ya dunia. Hata kwenye hambaka za nyaya nne, Seymour Duncan moto ni mweusi na DiMarzio moto ni mwekundu.

Pikapu yako ya kati inavuta kinyume na wenzake. Hakikisha bila kufungua: kebo kwenye jeki, multimita kwenye omu 20k, nafasi ya 5. Gusisha bisibisi ya chuma kwenye vichwa vya pikapu ya shingo, uichomoe ghafla, uangalie namba inaruka juu au chini. Rudia kwenye nafasi ya 3 kwa pikapu ya kati. Zikiruka pande tofauti, ndiyo hiyo. Badilishana nyaya mbili za pikapu ya kati tu: njano ardhini, nyeusi kwenye swichi.

Na kwa vile kelele imezidi badala ya kupungua, sumaku ya kati imegeuzwa kama inavyotakiwa, ni nyaya tu zilizopinduka. Ukizibadilisha, besi itarudi na muungurumo utakatika kwa pamoja. Kama kelele ingekuwa imekatika huku sauti ikiwa nyembamba, hapo ningesema umeuziwa pikapu ya kati ambayo sumaku yake haikugeuzwa.

nyuzi_sita

Namba zimeruka kinyume kweli. Nimebadilishana nyaya, nafasi ya 2 na 4 sasa zimejaa na ziko kimya. Uzi wa 6 bado unagombana.

Fundi Waya

Hiyo ni sumaku inavuta uzi. Fito za alniko 5 zina nguvu kuliko vile vichwa vya chuma ulivyozoea, ukiziacha kimo kilekile zinauzuia uzi kutikisika sawasawa. Bana uzi wa 6 kwenye freti ya mwisho, pima kutoka kichwa cha pikapu hadi chini ya uzi: anzia 2.4 mm. Uzi wa 1 uwe 2.0. Shingo ndiyo mkosaji mkubwa, kwa sababu pale uzi unacheza kwa upana. Ishushe hadi 3 mm kama mgogoro haujaisha. Robo mzunguko wa skrubu kila mara, sikiliza freti ya 12 na ya 15, endelea. Kisha sawazisha nguvu ya pikapu tatu kwa kupandisha ya darajani kidogo, usipandishe ya shingo.

Oktava ya kila uzi (kusogeza tandiko, kile kikalio cha uzi darajani, hadi freti ya 12 itoe noti sahihi) iweke mwisho kabisa, baada ya vimo kutulia. Ukiiweka sumaku ikiwa bado inavuta, tyuna itakudanganya na tandiko la uzi wa 6 utalipeleka pasipo pake.