Nimepewa ofa ya kufundisha Dubai nikiwa Moshi: mkataba huu niusome vipi?

Hesabu_Rau (Moshi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya kimataifa hapa Moshi inayofuata mtaala wa IB (International Baccalaureate), na shahada yangu ya ualimu niliipata Chuo Kikuu cha Mwenge. Mwezi uliopita nilifanyiwa usaili kwa njia ya video na shule moja ya binafsi ya Dubai, nikafundisha somo la majaribio mbele ya mkuu wa idara, na wiki hii wameniletea ofa ya miaka miwili inayoanza Agosti. Jumla ni dirhamu 11,000 kwa mwezi, lakini mshahara wa msingi umeandikwa 5,500, na kilichobaki kimegawanywa kuwa posho ya nyumba na posho ya usafiri. Juu ya hapo kuna tiketi ya ndege kila mwaka, bima ya afya, na ada ya shule kwa mtoto mmoja "endapo nafasi itakuwepo".

Mke wangu ni muuguzi, na tuna watoto wawili, wa miaka minane na mitano. Hapa nalipwa kwa ngazi ya waajiriwa wa ndani, na wote tunajua inavyotofautiana na ya wenzetu walioletwa kutoka nje kufundisha madarasa yale yale, kwa hiyo sitajifanya kwamba ofa hii hainivutii. Ninachoomba kwa waliokwisha kufanya kazi huko ni kunisaidia kuona kama inatosha kwa watu wanne, kama ni busara kuondoka na familia mara moja, na nianze na karatasi zipi.

Mama_wa_Njiro (Arusha)

Marahaba, Mwalimu, na hongera sana. Nilifundisha madarasa ya msingi Dubai kabla ya kurudi Arusha, na ningependa tuanze na ile 5,500, kwa sababu inaamua mambo mengi kuliko 11,000 uliyoonyeshwa kwanza. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mfanyakazi wa kigeni aliyetimiza angalau mwaka mmoja kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Siku hizo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, posho hazimo. Kwa 5,500, siku 21 ni dirhamu 3,850, yaani 7,700 kwa mkataba wako mzima. Msingi ungekuwa 8,000 na posho 3,000, jumla ikibaki ile ile, ungeondoka na 11,200. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo tofauti hiyo ni karibu dola 950, na umeikosa kwa sababu tu ya namna mtu wa rasilimali watu alivyogawanya safu mbili za jedwali. Waandikie waubadilishe mgawanyo. Wengine hukataa, lakini hakuna ofa niliyoona ikifutwa kwa sababu mwalimu aliuliza kwa adabu.

Kuhusu nyumba, uliza kama shule ina fleti zake au inakupa posho ukatafute mwenyewe. Kodi ya pango kule huhesabiwa kwa mwaka na mara nyingi hulipwa kwa hundi chache zilizoandikwa tarehe za mbele, ambapo mwenye nyumba humpenda zaidi mpangaji mwenye hundi moja au mbili. Mwalimu anayeingia Agosti bila akiba hujikuta anadaiwa kodi ya miezi kadhaa kabla hajapokea mshahara wa kwanza, kwa hiyo omba kwa maandishi posho ya nyumba itangulizwe. Ni kweli kwamba mshahara haukatwi kodi ya mapato kule, lakini pango linakula sehemu kubwa ya kile ambacho hapa kingekwenda TRA.

Hayo maneno "endapo nafasi itakuwepo" usiyapite haraka. Katika shule niliyokuwapo, mwenzangu mmoja aliahidiwa hivyo hivyo, na Septemba akaambiwa darasa la mwanawe limejaa, akalipa ada ya shule nyingine mfukoni mwake kwa mwaka mzima. Dai jina la mtoto na darasa lake viandikwe ndani ya mkataba. Bima nayo iulize vizuri, kwa maana Dubai sheria inamlazimu mwajiri amkatie bima mwajiriwa, na mke na watoto ni wajibu wa yule anayewadhamini ukaazi, ambaye ni wewe, isipokuwa shule ikubali kwa maandishi kuwabeba.

Mkibosho_Doha

Mwalimu mwenzangu, dada yetu amemaliza upande wa fedha, nami nitasema juu ya karatasi. Anza leo, kwa kuwa hakuna muhuri mmoja unaotosha. Shahada huthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje yetu, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu ulioko Dar es Salaam, na mwisho wizara ya mambo ya nje ya kule. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa hupitia kwanza RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na ndoa, ndipo vifuate njia hiyo hiyo, na cheti cha ndoa kiwe kile cha serikali, maana kumbukumbu ya parokia pekee haitakusaidia dirishani. Utahitaji pia cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Shule za binafsi za Dubai zinasimamiwa na mamlaka iitwayo KHDA, ambayo lazima iidhinishe uteuzi wa mwalimu, kwa hiyo cheti kinachokwama Dodoma kinaweza kukukwamisha na wewe.

Linganisha majina kabla hujatoka nyumbani. Weka pasipoti, shahada, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa mezani, usome herufi kwa herufi. Kwetu Kilimanjaro mtu hubatizwa Emmanuel, akaandikwa Emanuel cheti cha kidato cha nne, na pasipoti ikaongeza jina la babu ambalo chuo hakikulijua. Hapa utaambiwa hakuna shida, lakini ubalozini utarudishwa ukatafute hati ya kiapo kwa wakili.

Jambo jingine ni thamani yako. Matangazo mengi ya ajira yanataka mzungumzaji wa Kiingereza kwa kuzaliwa, na pasipoti yetu hutupunguzia mshahara kabla hatujafungua mdomo. Dawa yake ni kuonyesha kile ambacho shule haikipati kwa urahisi. Hisabati ya Diploma ya IB iligawanywa upya mwaka 2019 kuwa kozi mbili, na mwalimu aliyezifundisha zote mbili, aliyesimamia uchunguzi wa kihisabati wa wanafunzi (kazi ya mradi inayopewa alama) na kuwafikisha kwenye mitihani ya Mei, hasukumwi ovyo. Yaandike hayo katika barua ya majadiliano, si katika wasifu peke yake.

Mwisho, kama kuna wakala kati yako na shule anayekudai pesa, simama hapo hapo. Sheria ya kule inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, hata kwa kupitia mtu mwingine, na inamkataza kukushikia pasipoti.

Mstaafu_Usa_River

Mwanangu, nimewaona vijana wengi wakiondoka hapa, na swali la familia ndilo ningelikalia zaidi. Mkataba wako una muda wa majaribio ambao sheria inaruhusu ufike miezi sita, na katika kipindi hicho shule inaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14. Sioni sababu ya mama wa watoto kuacha kazi yake hospitalini kabla hujavuka hapo. Nenda peke yako Agosti, uwachukue mwishoni mwa mwaka wa masomo.

Wakati huo mkeo asikae bure. Muuguzi hawezi kufanya kazi Dubai bila leseni ya mamlaka ya afya ya huko, ambayo hudai vyeti vyake vihakikiwe na kwa kawaida afanye mtihani, na mchakato huo anaweza kuuanza akiwa Moshi, mshahara wake ukiendelea kuingia.

Usisahau na madeni ya nyumbani. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ile asilimia 15 ya mshahara iliyokuwa ikikatwa na mwajiri haitakatwa na mtu huko, lakini deni litabaki lako. Na kwa kuwa pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hudai michango ya kila mwezi isiyopungua 180, uliza ofisi ya Moshi kuhusu kuendelea kuchangia kwa hiari kabla hujaondoka.

Mama_wa_Njiro (Arusha)

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo kwenye watoto natofautiana nawe kidogo. Nafasi za ada hugawiwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na mwalimu ambaye mwanawe hayupo Agosti huona nafasi hiyo ikienda kwa mwingine. Kama shule itaandika kwamba nafasi itamsubiri mtoto hadi mwaka wa pili, basi nakubaliana nawe moja kwa moja. Isipoandika, ningempeleka yule wa miaka minane mapema.

Hesabu_Rau (Moshi)

Ninawashukuru sana. Niliwaandikia shule juzi, na wamejibu kwamba msingi utapanda hadi 7,000, jumla ikibaki 11,000, jambo linalofanya kiinua mgongo cha miaka miwili kuwa dirhamu 9,800. Ada ya mtoto wa kwanza imeandikwa kwa jina lake na darasa lake, na nafasi hiyo itatunzwa hadi Agosti ya mwaka wa pili. Mtoto wa pili atalipiwa nusu. Posho ya nyumba watanitanguliza ya miezi mitatu. Bima ya familia wameikataa.

Tumekubaliana na mke wangu kwamba nitangulie, naye aanze kuhakikiwa vyeti vyake. Jina langu katika cheti cha kidato cha nne lina herufi moja pungufu kama alivyotabiri kaka wa Doha, kwa hiyo kesho asubuhi naanzia kwa wakili kabla ya kwenda RITA. Kama kuna aliyepitisha nyaraka ubalozini siku za karibuni, naomba anieleze kama ni lazima nifike Dar es Salaam mwenyewe au ninaweza kumtuma mtu kwa hati ya uwakilishi.